DQ ya usalama: maana yake kwa mpiga shabaha

Jumamosi moja nilirudi nyumbani Nakuru saa tano asubuhi, begi la risasi likiwa bado zito. Baba ni mwanajeshi mstaafu, na mpaka leo anaamka saa kumi na moja alfajiri kana kwamba yuko kambini Lanet. Alikuwa uani akimenya chungwa.

"Mmemaliza mapema hivyo?"

"Nimepigwa DQ, baba."

"Umemuumiza nani?"

"Hakuna aliyeumia."

"Sasa wamekufukuzia nini?"

Swali la baba ndilo linaloulizwa na karibu kila mtu asiyeujua mchezo huu. DQ, ambayo wapiga shabaha huitamka "dikyuu" hata wakizungumza Kiswahili kitupu, ni kuondolewa kwenye mashindano. DQ ya usalama ni pale unapoondolewa kwa namna ulivyoishika silaha. Haisubiri mtu atoke damu. Mpaka umewekwa mbali kabisa na mahali pa kuumia, na ukiuvuka tu, siku yako imekwisha.

Usiichanganye na adhabu ya kawaida. Katika IPSC, shirikisho la mchezo wa kulenga huku ukikimbia lililoanzishwa Marekani mwaka 1976, ukikosea utaratibu unakatwa alama 10 na unaendelea. DQ haikati alama, inafuta kila kitu. Hata vituo, yaani sehemu za mashindano zinazopigwa moja moja, ulivyopiga vizuri asubuhi havihesabiwi, na vilivyobaki hupigi.

Makosa yenyewe si mengi. Risasi ikitoka wakati unajaza au unatoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye kishikio cha bastola. Risasi ikipiga ardhi chini ya mita 3 kutoka ulipo, isipokuwa shabaha ya karatasi unayoilenga iko karibu hivyo. Kidole kikiwa ndani ya kikingio cha kifyatuo huku unakimbia. Mtutu ukipita juu ya kiungo chako mwenyewe, kwa mfano mkono wa kushoto unaofungua mlango wa mbao kwenye kituo. Kushika silaha nje ya sehemu maalumu bila mwamuzi kukuruhusu. Na kuangusha bastola. Hili la mwisho huwashangaza wengi, maana bastola ikianguka unatakiwa uiache ianguke, mwamuzi ndiye atakayeiokota. Anayeidaka hewani huishika popote vidole vinapofika, na kidole kina mazoea ya kwenda kwenye kifyatuo.

Kosa langu lilikuwa la mtutu. Nyuma ya shabaha huwa kuna tuta la udongo, na mtutu hauruhusiwi kupita nyuzi 90 upande wowote kutoka mstari unaoelekea kwenye tuta hilo. Kulia na kushoto ukijumlisha unapata 180, ndiyo maana wenyewe husema "amevunja mia na themanini." Nyuma ya mstari huo kuna waamuzi, wenzako wanaosubiri zamu, na mtu anayeandika alama.

Nilikuwa nakimbia kutoka kulia kwenda kushoto huku nikibadilisha magazini. Ukikimbia kushoto, kifua kinaelekea kushoto, na tuta linabaki upande wa bega la kulia. Mtu anayetumia mkono wa kulia, akitaka kuingiza magazini, huigeuza bastola kidogo ili tundu la kishikio liutazame mkono wa kushoto. Ukisimama ukilitazama tuta, kugeuza huko hakuna hatari yoyote. Ukiwa mbioni na kifua kimegeuka, mtutu unatangulia kushoto kisha unapinda kurudi kwa watu. Sikuhisi chochote. Nilisikia tu mwamuzi akipaaza sauti, "Stop!" Ukisikia neno hilo unaacha kupiga, unasimama ulipo na unasubiri maagizo. Nilitoa risasi, akahakikisha bastola ni tupu, nikairudisha kwenye ala. Alinionyesha kwa kiganja mtutu ulipofika. Nilitaka kubisha, lakini niliyekuwa nyuma ya ile bastola ni mimi, na yeye alikuwa pembeni akiona pembe yote.

Nikiwa kwenye matatu nilijiambia nilikosa umakini. Ni jibu la uvivu, kwa sababu umakini haufanyiwi mazoezi. Jibu linalosaidia lina miguu na mikono ndani yake: nilikuwa hatua ya ngapi, kifua kilielekea wapi, macho yalikuwa kwenye magazini au kwenye tuta, na kwa nini niliamua kubadilisha hapo ilhali ningeweza kubadilisha kabla ya kuondoka. Maswali hayo niliyaandika siku ileile, kabla kumbukumbu haijaanza kunitetea. Pia niliwaeleza wenzangu wazi jinsi ilivyotokea. Ukificha DQ yako, mwenzako ataipata kwenye kituo kilekile.

Dawa yake niliipata kwenye kiwiko. Nikielekea kushoto, nakivuta kiwiko cha kulia karibu na mbavu na kuacha mtutu ukilitazama tuta, kisha mkono wa kushoto ndio unaoifuata bastola. Unapoteza muda kiasi, na mwanzoni unajihisi kama umefungwa kamba.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akameza kipande cha chungwa, akaingia jikoni na kutoka na mwiko. Akanikabidhi. Akasema ukuta wa jirani ndio tuta na yeye amesimama mahali pa mwamuzi, nikimbie kutoka tangi la maji mpaka kwenye kamba ya nguo nikibadilisha magazini, na simu yangu ndiyo magazini.

Mara tatu nilipita salama. Mara ya nne mama alitokea mlangoni kuulizia mwiko wake, nikageuka kumjibu.

"Simama hapohapo," baba akasema.