Sanamu za chuma: moshi wa zinki hautibiwi kwa maziwa

Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani huadhimishwa 28 Aprili, nasi kwa ajili yake tunawakumbusha mafundi wa kuchomelea wa Dodoma na Singida jambo moja. Aliyezoea mageti na madirisha akipokea oda ya sanamu dhahania, tuseme kichwa cha alizeti kilichobaki mpangilio wa mbegu tu, anabadilisha pia hatari anazokabiliana nazo.

Mpangilio wenyewe ni hesabu. Kila mbegu huzunguka nyuzi 137.5 kutoka iliyotangulia, na umbali wake kutoka katikati ni kipeuo cha pili cha namba yake mara kizio ulichochagua. Kwa kizio cha sentimita 3, mbegu ya 100 inakaa sentimita 30 kutoka katikati, ya 400 inakaa sentimita 60. Pima kila pembe kuanzia alama ya sifuri (mbegu ya 10: mara 137.5 ni 1,375, toa mizunguko mitatu ya 360, inabaki nyuzi 295). Ukipima kutoka mbegu ya jirani, kosa dogo linajikusanya na ua linageuka feni.

Tatizo ni malighafi. Mbegu nyingi hukatwa kutoka mabomba chakavu ya maji, yaliyopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Hivyo kabla kiungo hakijashika, zinki imeshakuwa moshi mweupe. Aliyeuvuta hupata homa, baridi na ladha ya chuma mdomoni saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, na nyumbani wanasema malaria. Mweleze daktari ulichokuwa unachomelea.

Wapo mafundi wanaokunywa maziwa kama kinga ya moshi huu, lakini maziwa hayazuii chochote. Yanakwenda tumboni, moshi uko mapafuni. Tumelisema hili kila mwaka. Kinachosaidia ni kusaga zinki sentimita 5 kila upande wa kiungo, ndani na nje, kufanya kazi mahali pa wazi upepo ukikupiga ubavuni, na kuvaa barakoa yenye kichujio cha moshi wa metali. Kitambaa si kichujio.

Tufe lililozibwa nalo litobolewe tundu la milimita 6 kabla ya mshono wa mwisho, la sivyo hewa iliyopata moto itatoboa mshono. Pipa lililobeba mafuta lisikatwe kwa moto, hata likioshwa.

Kuhusu usajili na ukaguzi wa karakana: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, haiulizi kama karakana iko chini ya mti. Ukiajiri vijana wawili, hapo ni mahali pa kazi. Mkaguzi wa usalama kazini akiona kasoro inayorekebishika hutoa notisi ya maboresho yenye muda maalum. Rekebisha, kisha toa taarifa kwa maandishi, maana kurekebisha kimya kimya hakufungi jalada. Akiona hatari ya papo hapo hutoa notisi ya katazo, na kazi husimama saa hiyo hiyo hadi notisi hiyo iondolewe rasmi. Kuendelea usiku kwa taa ya tochi ni kosa jipya juu ya lile la kwanza. Kufunga geti ili mkaguzi asiingie nako ni kosa linalojitegemea, hata kama ndani hakuna tatizo lolote.