Kukariri Maneno 1,200 na Mtihani wa HSK wa Ngazi ya Nne: Dhana Potofu na Ukweli

Wiki mbili zilizopita alinijia kijana mmoja hapa Kampala akiwa na daftari nene lenye safu mbili, upande wa kushoto herufi za Kichina na upande wa kulia maana zake kwa Kiingereza. Alikuwa amekariri maneno yote 1,200 yaliyoorodheshwa kwa ngazi ya nne ya HSK, mtihani wa kupima Kichina kwa wageni, na kila neno nililolitaja alilijibu bila kusita. Hata hivyo alikuwa ameshafanya mtihani na kushindwa kufikia alama 180, kati ya 300, ambazo zinahitajika ili kufaulu. Swali lake lilikuwa moja: “Mwalimu, kuna orodha gani nyingine niikariri?” Swali hilo nimeulizwa na wanafunzi wa sekondari, na wafanyabiashara wa soko la Kikuubo wanaoagiza bidhaa Guangzhou, na mafundi waliojifunzia Kichina kazini kwenye bwawa la umeme la Karuma. Linanisikitisha kila mara, kwa sababu anayeliuliza huwa amefanya bidii kuliko wenzake, ila bidii hiyo ameielekeza pasipo na mtihani.

Dhana yenyewe ni kwamba ngazi ya nne ni maneno 1,200, na kwamba anayeyajua maneno hayo ameimaliza. Ukweli ni kwamba orodha ile ni mpaka tu, yaani inaonyesha mahali ambapo watunga mtihani hawatavuka sana. Kinachopimwa ndani ya mpaka huo ni jambo jingine. Katika muundo wa ngazi sita ambao watahiniwa wetu wameuzoea, mtihani una maswali 100: ya kusikiliza 45 kwa muda wa dakika 30 hivi, ya kusoma 40 kwa dakika 40, na ya kuandika 15 kwa dakika 25. Katika maswali hayo yote hakuna hata moja linalokutaka utaje maana ya neno lililosimama peke yake. Kila neno hupimwa ndani ya sentensi, na katika sehemu ya kuandika kazi yako ni kuijenga sentensi hiyo wewe mwenyewe.

Naomba hesabu hii itazamwe kwa makini. Sehemu ya kuandika yenye maswali 15 ina alama 100, sawasawa na sehemu ya kusikiliza yenye maswali 45. Kati ya maswali hayo 15, kumi ni ya kupanga maneno yaliyovurugwa yawe sentensi sahihi, na matano ni ya kutunga sentensi kwa kutumia picha na neno ulilopewa. Maana yake ni kwamba sehemu nzima ya mtihani, theluthi ya alama zote, inapima mpangilio wa sentensi. Huu ndio upande ambao daftari la safu mbili haliugusi kabisa.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu yetu ya kuuchukulia mpangilio huo kwa uzito. Tunasema “Jana nilisoma vitabu maktabani kwa saa mbili,” na hata tukiihamisha “jana” hadi mwisho hakuna atakayelalamika. Kichina hakitupi uhuru huo: 我昨天在图书馆看了两个小时书. Wakati wa tendo na mahali pa tendo hutangulia kitenzi, ilhali muda ambao tendo limechukua hukifuata. Mtahiniwa anayeijua maana ya kila kipande cha sentensi hiyo, lakini hajawahi kuisikia ikitamkwa nzima, atavipanga vipande kwa mazoea ya Kiswahili au Kiingereza na kukosea. Sentensi za rejeshi nazo zinageuka. Sisi tunaanza na jina na kusema “kitabu nilichonunua jana”; Mchina huanza na maelezo yote na kulifikia jina mwishoni, 我昨天买的书. Mwanafunzi asiyekizoea kijineno hicho 的 hupotea katika vifungu vya kusoma, hata pale ambapo hakuna neno asilolijua. Halafu kuna sentensi za bǎ, kwa mfano 他把钥匙忘在办公室里了, yaani “amesahau ufunguo ofisini”, ambapo ufunguo hutolewa mahali pake pa kawaida na kuwekwa mbele ya kitenzi. Aina hii ya sentensi huonekana mara kwa mara katika maswali ya kupanga.

Daftari la safu mbili lina kosa jingine zito zaidi, nalo ni kuyafanya maneno mawili tofauti yaonekane kuwa moja. Shìhé (适合) na héshì (合适) yote mawili yameandikwa “kufaa” katika daftari la yule kijana. Lakini la kwanza ni kitenzi kinachochukua yambwa, kwa hiyo husemwa 这个工作很适合你, “kazi hii inakufaa sana”. La pili ni kivumishi, na halichukui yambwa: 这个时间不太合适, “wakati huu haufai sana”. Ukiandika 这个工作合适你 umekosea, na hakuna tafsiri ya neno moja itakayokuonyesha kosa lako. Vivyo hivyo jīngyàn (经验) ni ujuzi alioupata mtu kwa kutenda, ilhali jīnglì (经历) ni yale aliyoyapitia maishani. Wengi huyaandikia yote mawili “uzoefu”, kisha wanashangaa kwa nini swali la kujaza nafasi limewashinda.

Kwa maneno ya kuhesabia, yaani yale yanayowekwa kati ya idadi na jina, ninawaomba wanafunzi wangu wakumbuke ngeli. Hakuna mtoto anayezungumza Kiswahili sanifu aliyejifunza “mti” leo na kuahirisha “miti” na “huu” hadi mwaka ujao. Jina huja na upatanisho wake. Kichina nacho kinataka jina lijifunzwe pamoja na neno lake la kuhesabia: 一条路 kwa njia, 一条鱼 kwa samaki, 一条裤子 kwa suruali, kwa kuwa vyote vina urefu, 一张票 kwa tiketi na 一张桌子 kwa meza, kwa kuwa vina uso bapa. Anayeandika “lù” (路, njia) peke yake daftarini ameandika nusu ya kile anachopaswa kukijua.

Basi mwanafunzi afanye nini? Ushauri wangu haujabadilika kwa miaka yote niliyofundisha, nao ni imla. Chukua rekodi ya mazungumzo mafupi ya ngazi ya nne, sikiliza sentensi moja, isimamishe, andika ulichosikia kwa herufi, kisha linganisha na matini. Sentensi 10 kwa siku, kila siku, zinatosha. Zoezi hili moja hufundisha sikio, mkono na mpangilio kwa pamoja. Pia hukuonyesha bila huruma ni kijineno gani unachokiruka, na karibu kila mara huwa ni 了, 的 au 得. Baada ya imla, isome sentensi hiyo kwa sauti mara tatu, kisha badilisha jina na mahali ili uipate ya kwako. Wapo wanaoniambia kwamba imla ni ya watoto wa shule ya msingi na kwamba programu za simu zimeshaipita. Siwezi kukubaliana nao. Programu nyingi hukupa majibu manne uchague moja, na kuchagua hakumfundishi mtu kujenga.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu.

“Ninafanya kazi na Wachina, kwa hiyo sehemu ya kusikiliza hainisumbui.” Kazi katika viwanda vya Kapeeka au Mbale humpa mtu ujasiri wa kuzungumza, na ninaufurahia ujasiri huo. Lakini rekodi za mtihani zimesomwa kwa Kichina sanifu, ilhali baadhi ya wasimamizi wanatoka mikoa ya kusini ambako sh na s hukaribia kuwa sauti moja. Zaidi ya hayo, msamiati wa saruji na nondo hauna nafasi kubwa katika mtihani unaozungumzia mahojiano ya kazi, safari za ndege, afya na mazingira. Na rekodi za ngazi ya nne husomwa mara moja tu, tofauti na ngazi ya tatu ambako husomwa mara mbili. Mabadiliko hayo pekee yamewaangusha watu waliokuwa wakizungumza vizuri kuliko waliofaulu.

“Mtihani ni wa kuandika, toni hazina kazi.” Mǎi ni kununua na mài ni kuuza, asiyezisikia tofauti hizo atalijibu kinyume swali la nani ananunua na nani anauza. Wanaozungumza Luganda au Kiacholi nyumbani tayari wana masikio yanayotofautisha maana kwa toni, nao wasijidharau. Wanaotegemea Kiswahili pekee, ambacho hakina toni, waongeze muda wa kusikiliza.

“Nimejiandikisha kufanya kwa kompyuta, kwa hiyo sihitaji herufi.” Kwenye kompyuta unaandika pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, kisha unachagua herufi. Andika zuo na mbele yako zitatokea 做, 坐, 作 na nyinginezo, na ni macho yako yatakayochagua. Ujue pia kwamba kuanzia ngazi ya tatu matini za kusoma hazina pinyin juu ya herufi. Anayefanya kwa karatasi lazima aandike kwa mkono, kwa hiyo aulize mapema kituo chake kinatumia njia gani.

“Lazima nipite ngazi ya tatu kwanza.” Hakuna sharti hilo, kila mtu hujiandikisha ngazi anayoona anaiweza.

“Cheti cha HSK kinaonyesha kwamba ninazungumza.” Mazungumzo hupimwa na mtihani mwingine, HSKK, ambao katika ngazi ya kati una maswali 14: kurudia sentensi 10 ulizozisikia, kueleza picha mbili na kujibu maswali mawili. Unapimwa kwa alama 100 na kufaulu ni 60. Kabla ya kulipa, uliza kama kituo kinaandikisha mitihani yote miwili pamoja.

“Viwango vipya vya 2021 vimefanya vitabu vyangu vyote kuwa bure.” Viwango hivyo vilitangaza ngazi tisa, na mtihani wa ngazi ya 7 hadi ya 9 ulianza 2022 kwa wale waliobobea. Maneno na sarufi unayojifunza leo yatahitajika chini ya muhtasari wowote wa mtihani. Muhimu ni kuuliza siku ya kujiandikisha ni muhtasari upi unaotumika.

“Cheti hakina mwisho.” Kwa matumizi ya kawaida alama zako zinaendelea kutambuliwa, lakini kwa kuombea nafasi katika chuo kikuu cha China hutumika kwa miaka miwili tangu siku ya mtihani. Nimewaona vijana waliofanya mtihani wakiwa kidato cha tano, wakasubiri, wakahitimu shahada ya kwanza, kisha wakaomba ufadhili kwa cheti kilichokwisha muda. Pangeni tarehe ya mtihani mkianzia tarehe ya mwisho ya maombi na kurudi nyuma, mkiacha nafasi ya kuurudia mara moja ikihitajika.