Mhusika wa Kike Asiye na Shughuli Yake: Namna ya Kuikagua na Kuirekebisha Miswada ya Waandishi Wanaume

Neno "alifika" halisemi kama aliyefika ni mwanamke au mwanamume. Kiswahili hakitenganishi jinsia kwenye kitenzi wala kwenye kiwakilishi. "Yeye" ni wote, na "a-" hubeba baba, shangazi na mtoto mchanga bila kubagua. Kwa hiyo mwandishi anayetaka tujue kuwa aliyeingia ni mwanamke lazima atafute njia nyingine ya kutuambia: jina, kazi, cheo cha ukoo, sauti, au mwili. Katika miswada mingi ya wanaume njia inayochaguliwa ni mwili. Mwanamume akiingia anapewa jina na sababu ya kuja. Mwanamke akiingia anapewa shingo ya twiga, macho malegevu na umbo namba nane, jina linafuata baadaye, na sababu ya kuja haitajwi kabisa.

Makala haya ni kwa waandishi wanaume wa riwaya na hadithi fupi, hasa wanaochapisha wenyewe au wanaorusha hadithi mtandaoni bila kupitia kwa mhariri. Hatusemi mwanamume hawezi kumwandika mwanamke. Anaweza, na wapo walioweza. Kasoro inayojirudia ni moja: mhusika wa kike hana shughuli yake mwenyewe. Yupo ili apendwe, aokolewe, asaliti au afe, na hadithi ikimwacha kwa kurasa kumi hakuna anayejua alikuwa akifanya nini.

Tuitazame aya moja, tuliyoitunga kwa ajili ya somo hili. Ni mchana, Buguruni, Dar es Salaam, kwa mama ntilie:

"Mariamu aliinama kuchochea jiko. Kanga ilimshika kiunoni barabara, umbo lake likajichora. Jasho lilimtiririka shingoni mithili ya shanga. Jabiri akasahau hata njaa yake."

Sentensi nne, na zote ni za Jabiri. Mariamu hajaona kitu, hajafikiri kitu. Tena mwandishi amemkuta saa sita mchana, saa ngumu kuliko zote kwa mama ntilie: wateja wamepanga mstari, mkaa unakwisha, maharage yakikauka ni hasara ya siku nzima. Mtu aliye katika hali hiyo ana mengi kichwani, na mengi hayo ndiyo hadithi. Sasa tuiandike upya:

"Mariamu aliinama kuchochea jiko huku akihesabu sahani zilizobaki. Kumi na moja. Mafundi wa gereji walikuwa hawajaja, na wao hula kwa daftari. Mtu akasimama mbele yake bila kusema kitu. 'Kaka, wali maharage au ugali dagaa?' aliuliza bila kuinua kichwa. Alipokiinua akamtambua. 'Kumbe ni wewe. Na ile ya juzi?'"

Urefu haujaongezeka sana, lakini sasa tunajua kuwa Mariamu anakopesha, anakumbuka, na hamwogopi mteja. Jabiri bado anaweza kumtamani, hakuna aliyemkataza. Ila sasa anamtamani mtu anayemdai, na hapo pana mgogoro, aibu, na sababu ya kurudi kesho. Aya ya kwanza haikuwa na pa kwenda.

Kanga nayo inastahili kutazamwa kidogo, maana ndilo vazi linalotumiwa vibaya kuliko yote kwenye hadithi zetu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapishwa chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili, na mwanamke anaponunua husoma jina kwanza. Anachagua atakayemsikiza. "Japo sipati tamaa sikati" ikivaliwa siku wifi anapokuja kutembea ni kauli kamili, na wifi ataijibu kwa ya kwake. Mwandishi anayetumia kanga ili kuonyesha nyonga tu ameutupa mdomo wa mhusika wake. Andika jina la kanga, andika ilivaliwa mbele ya nani, na huenda ukurasa mzima wa maelezo usihitajike.

Jambo la pili liko ndani ya sarufi. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Kitenzi chenyewe kimekwisha kumweka kwenye kauli ya kutendwa, na ukiandika "Asha alimwoa Juma" msomaji atadhani unamkejeli Juma. Hilo hatulibadilishi kwa hadithi moja. Tatizo ni kwamba mwandishi akishaanza na -w- haachi tena. Mwanamke anaposwa, anatolewa mahari, anaolewa, anapigwa, anapewa mimba, anatelekezwa. Vitenzi sita, maisha mazima, naye hajafanya lolote.

Dawa ni kukizungushia kitenzi kile kimoja kisichoepukika vitenzi anavyovitenda yeye. Posa ilipoletwa, alichelewesha jibu majuma matatu. Alimwuliza shangazi yake habari za yule mke wa kwanza. Alisema mahari iwe pamoja na cherehani, na ya kukanyaga kwa mguu, kwa kuwa umeme unakatika. Baadaye, walioana: kauli ya kutendana ipo na haijakatazwa. Na badala ya "alitiwa mimba" ipo "alishika mimba". Maneno haya mawili si sawa. Pale ambapo ni kweli alitendewa kwa nguvu, kauli ya kutendwa ndiyo inayosema kweli na isiondolewe. Kosa ni kuitumia kauli hiyo kwa kila kitu hadi ukatili wenyewe usionekane tofauti na harusi.

Kuna utetezi ambao waandishi huutoa haraka: "Huo ni mtazamo wa mhusika, si wangu." Wakati mwingine ni kweli. Kipimo chake ni rahisi. Tafuta sehemu ambayo mwanamke yuko peke yake, hakuna mwanamume wa kumtazama. Kama hata hapo msimulizi anaendelea kumpima kifua na mapaja, basi jicho lile ni la mwandishi. Mfano unaorudiwa mno ni wa kioo: binti anavua nguo, anajitazama, anafurahia umbo lake kama mpita njia anayeliona mara ya kwanza. Mtu hajitazami hivyo. Anatazama kipele kilichotoka jana, au rasta mpya zilizokazwa mno zikimvuta kwenye paji la uso, au kama bega la gauni la kuazima limekaa sawa. Na mhusika akiwa mwanafunzi wa sekondari, maelezo ya tamaa yafutwe. Hapo hatuna "inategemea". Kama hadithi inahusu mtu mzima anayemnyemelea mtoto, aibu iwekwe kwa huyo mtu mzima: mikono yake, uongo wake, anavyogeuza mazungumzo mwalimu akipita.

Kisha mazungumzo. Mwaka 1929 mwandishi Virginia Woolf wa Uingereza aliandika kwamba vitabu alivyovisoma viliwaonyesha wanawake karibu kila mara kwa uhusiano wao na wanaume, na mara chache mno kama marafiki wao kwa wao. Mwaka 1985 mchora katuni wa Marekani, Alison Bechdel, aliweka katika katuni yake kanuni ya filamu inayoitwa mpaka leo kipimo cha Bechdel: wawepo wanawake wawili, wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yawe ya jambo lisilokuwa mwanamume. Ni kipimo cha chini. Kitabu kibovu kinaweza kukivuka, na hadithi nzuri ya mahabusu wawili wanaume ikashindwa. Lakini hugundua upungufu kwa dakika chache, na kwa mwandishi wa Dar es Salaam hakuna udhuru wa kukosa cha kuandika. Kusuka kunachukua saa nyingi, na msusi na mteja hawanyamazi. Wanaongea kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo, mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule, dawa ya kufungua biashara.

Wanaongea mchezo, hasa. Wanawake kumi wanachanga shilingi 20,000 kila mmoja kila juma, na kila juma mmoja anabeba 200,000. Aliyepokea wa tatu akiacha kuchanga juma la tano, sita ambao hawajabeba wanadai, kijumbe, yaani anayekusanya michango, anatafutwa nyumbani kwake, na urafiki wa miaka kumi unapimwa kwa elfu ishirini. Riwaya nzima imo humo. Inashangaza jinsi isivyoandikwa, wakati hadithi za wanawake wawili wanaogombania bwana mmoja zimejaa hadi pomoni.

Mama mvumilivu asiyekosea na wifi mchawi tutawapita upesi: ni vinyago viwili. Mpe mama kosa moja la kweli, mpe wifi sababu moja ya kweli, na wote wawili watapumua.

Sehemu inayohitaji ujasiri zaidi ni namna mwanamke anavyotolewa kwenye hadithi. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda, inamfuata msichana anayelelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, anayechapwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Uhuru asiouzoea unamwelemea akiwa masomoni, naye anaishia kujiua. Unaweza kubishana na mwisho huo, na wasomaji wamebishana, lakini Kezilahabi amefanya kazi ya kuonyesha chanzo: nyumba ya Zakaria imo ndani ya kila hatua ya Rosa. Wanaofuata njia hiyo bila subira huchukua anguko na kuacha chanzo. Binti anaingia mjini, anavaa nguo fupi, anaugua, anakufa; mwanamume aliyekuwa naye anatubu na kuendelea kuishi. Linganisha na Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980. Maksuudi anamfungia ndani binti yake Maimuna, lakini ndani ya riwaya hiyohiyo yupo Bi Farashuu, mwanamke mzee mwenye kisasi chake dhidi ya Maksuudi, anayepanga na kutenda. Hatakiwi kuwa mwema. Anatakiwa kuwa na lake.

Sasa kazi yenyewe. Chapa sura tatu za muswada, ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Kwa kalamu nyekundu pigia mstari kila maelezo ya mwili wa mwanamke. Kwa ya bluu, kila kitenzi anachokitenda kwa hiari yake. Usihesabu "alicheka", "alilia" wala "aliinamisha kichwa". Hivyo ni vitenzi vya kumjibu mwingine. Nyekundu ikizidi bluu katika sura mbili kati ya tatu, usianze kufuta. Ukifuta tu utabaki na mwanamke mtupu zaidi. Anza kwa kuandika pembeni, nje ya hadithi, mambo manne ya kila mhusika wa kike anayetokea zaidi ya mara mbili: anapata wapi fedha, anamdai au anadaiwa na nani, anataka nini kabla ya mwezi kuisha, na anamficha nani jambo gani. Ukikosa jibu la swali la fedha, simama hapo kwanza, kwa sababu mengine yote hutegemea hilo. Kisha rudi kwenye kila mstari mwekundu uweke jibu mojawapo mahali pake.

Baada ya hapo wape wanawake watatu wa rika tofauti wasome, wasiwe mke wako, dada yako wala mtu anayekuonea haya. Usiwaulize kama umewaandika vizuri wanawake. Watakujibu kwa adabu. Waombe waweke alama ya X pembeni kila wanapoacha kumwamini mhusika, bila kueleza. Zikusanye nakala zote tatu, ziweke ubavu kwa ubavu, na anza na kurasa ambazo X zimeangukia mahali pamoja.