Matarajio ya kazi kwenye kaunta ya famasi yaandikwe, na yasipimwe kwa mauzo

Wamiliki wa famasi binafsi hapa Mtwara hunilalamikia mara kwa mara kwamba watoa dawa wao hawajitumi. Ninapouliza walielezwa nini siku walipoanza kazi, najibiwa kwamba waliambiwa wawahi kufika na wawe waaminifu. Kwa maelezo hayo, hata mwenye bidii atafanya kazi kwa kubahatisha. Isitoshe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi.

Tarajio linalofaa ni lile linaloweza kuonekana likitendeka. Badala ya kuandika "ahudumie wateja vizuri", andika kwamba anayempa mtu mzima dawa mseto ya malaria, vidonge vya 20/120 (miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine), amweleze kuwa vyote ni 24, anameza vinne kila mara baada ya kula, dozi ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza na zilizobaki ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, kisha amwombe mgonjwa arudie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe. Jambo hilo msimamizi aliyesimama pembeni anaweza kulithibitisha bila ubishi. Vivyo hivyo kwa friji ya insulini: nani anasoma kipimajoto asubuhi na jioni, anaandika wapi, na anampigia nani simu joto likitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8, jambo ambalo kwa joto la huku halichukui muda umeme ukikatika.

Ninachokipinga ni kumpangia mtoa dawa kiwango cha mauzo ya siku, kishawishi ambacho huja na minada ya korosho kuanzia Oktoba, pesa inapokuwa mikononi mwa watu. Anayepimwa kwa mauzo atamuuzia antibayotiki asiye na cheti cha daktari, tena nusu dozi, na leseni itakayokuwa hatarini si yake. Mpime kwa rejesta iliyojazwa na kwa shelfu isiyo na dawa iliyopita muda.

Mmiliki asiye mfamasia akubaliane kwanza na mfamasia msimamizi, maana wakitofautiana, mtoa dawa humsikiliza anayelipa mshahara. Waandike wazi kwamba akikataa kuuza dawa ya cheti bila cheti, mauzo yaliyopotea hayatahesabiwa dhidi yake.