Gavana ya cheche: ipime ikipanda, ipime na ikishuka

Katika Ford Model T, kuwahisha cheche ilikuwa kazi ya dereva, kwa wenzo ulio upande wa kushoto chini ya usukani. Aliyesahau kuuchelewesha kabla ya kupiga hendeli alihatarisha mkono wake, kwa kuwa injini ingeweza kupiga teke kinyume. Distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda) za Delco kwenye Cadillac V8 za 1915 zilibaki na wenzo, ila ziliongezewa gavana: vizito vinavyofunguka shafti ikiongeza kasi, vikiwahisha cheche vyenyewe, na springi za kuvirudisha.

Mchanganyiko wa petroli na hewa huhitaji muda kuwaka. Kwa mizunguko 600 kwa dakika, krenki (shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni) husogea digrii 3.6 kila milisekunde. Kwa 1800 husogea 10.8. Cheche isipowahi, pistoni inakuwa imeshaanza kushuka.

Kabla ya kupima chochote, rekebisha uwazi wa kontakti (ncha mbili ndani ya distributa zinazofunguka kutoa cheche), kwani ukiupanua cheche inawahi, na vipimo vyako vyote vitapotoka. Tikisa shafti kwa mkono. Ikicheza ubavuni, badilisha bushi kwanza. Kisha funga distributa kwenye mota ambayo kasi yake hubadilika kidogo kidogo, izunguke upande uleule inavyozunguka garini. Unganisha betri, koili, plagi na taa ya taimingi (inayomulika kila cheche inaporuka), weka duara la digrii kwenye shafti, na ukaze wenzo wa mkono usisogee.

Andika digrii kila mizunguko 100 ya distributa kwa dakika, toka chini hadi vizito vigonge kikomo. Halafu shusha kasi bila kuzima, ukiandika tena pale pale. Hapa ndipo mafundi wengi huishia njiani, na ndipo ugonjwa ulipo. Kama ikipanda 500 inasoma digrii 4 na ikishuka 500 inasoma 7, vizito vinakwama. Distributa huzunguka nusu ya kasi ya krenki, hivyo digrii hizo 3 ni 6 za injini. Mimi sikubali tofauti inayozidi digrii 1 kwenye distributa.

Usiguse springi bado. Tafuta grisi iliyokauka, pini iliyolika upande mmoja, tundu lililokuwa yai, au kizito kinachokwaruza bamba la chini. Safisha, weka pini mpya, paka tone la oili nyepesi. Grisi nzito huganda na kurudisha tatizo lilelile.

Vipimo vya kupanda na kushuka vikikutana, sasa pima springi. Ukivuta zaidi nguzo yake (kijiti kinachoshika ncha ya springi), gavana huanza kufanya kazi kwa kasi ya juu zaidi, lakini ugumu wa springi haubadiliki. Ukikata mzunguko mmoja wa springi, inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo digrii zinapanda taratibu. Ni mabadiliko mengine kabisa, na hayarudishiki. Nguvu ya kutupa vizito nje huongezeka mara 4 kasi ikiongezeka mara 2, kwa hiyo springi iliyolegea kidogo tu huwahisha cheche kupita kiasi.

Garini, injini ikigonga kwenye mlima kwa kasi ya kati ilhali kasi ya juu iko sawa, usigeuze distributa nzima kuichelewesha: utaharibu kote, maji yatachemka na vali za moshi zitaungua. Kaza nguzo ya springi kidogo, urudi kwenye mota upime upya, juu na chini.