Alama ya maji ya kidijitali kwenye vifungashio vya plastiki ni nini?

Ukiinua noti juani unaona picha iliyofichwa ndani ya karatasi: hiyo ndiyo alama ya maji. Ya kidijitali nayo hufichwa, ila jicho haliioni kabisa. Ni msimbo wenye ukubwa wa stempu ya barua, uliosukwa ndani ya mchoro wa kifungashio kwa kugeuza kidogo mno rangi za nukta zake, kisha ukarudiwarudiwa pande zote. Pasipo na wino, huchongwa kwenye kalibu ukatokea kama vijinundu juu ya plastiki.

Msimbo hubeba namba tu. Kompyuta ya kiwanda cha kuchambua taka huisaka namba hiyo kwenye hifadhidata ikajua kuwa trei hii ni ya polipropilini, aina mojawapo ya plastiki, na ilibeba chakula.

Hilo la chakula ndilo kiini. Mashine za kawaida za kuchambua taka hutumia mwanga wa infraredi, ambao hutambua aina ya plastiki lakini si matumizi yake. Chupa ya maji na ya sabuni zikiwa zote za plastiki aina ya PET, kwa mashine hizo ni kitu kimoja. Ilhali EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, inapotathmini urejelezaji wa PET itakayogusa chakula, hutaka PET isiyotokana na vifungashio vya chakula isizidi asilimia 5 ya malighafi.

Kwenye mkanda wa kuchambulia, taka hupita kwa takribani mita 3 kwa sekunde. Taa kali humulika, kamera husoma, mpulizo wa hewa hurusha kila kipande upande wake. Majaribio ya HolyGrail 2.0, mradi wa Ulaya wa kujaribu alama hizi, mjini Copenhagen, yaliyotumia vifungashio 125,000 hivi, yalipata wastani wa asilimia 99 katika kutambua na 95 katika kurusha. Vipande vikilaliana, hata msimbo uliosomwa vizuri hauzuii hewa kuvipeperusha vyote pamoja.

Kurudiwa kwa msimbo ni kwa sababu taka hufika zimepondeka na kuchafuka. Sehemu moja safi ya kifungashio inatosha kusomwa. Hatari kubwa iko kwenye lebo: msimbo ukiwa juu yake peke yake, lebo ikibanduka chupa inabaki bila utambulisho. Wino ukitapakaa wakati wa kuchapa, kamera haisomi. Mtengenezaji akibadili plastiki asibadili namba, mashine itachambua kwa uhakika na kukosea.

Gharama nazo zinakwamisha: kiwanda hakinunui kamera kabla vifungashio vyenye alama havijawa vingi, na kampuni hazioni haraka ya kuiweka alama isiyosomwa na mtu. Tena kifungashio cha tabaka za plastiki tofauti zilizogandishwa pamoja hakirejelezeki kwa urahisi eti kwa kuwa kina alama, kinatambulika tu.