Kwa nini neno "run" linawatoa jasho Wachina?

Mchina anayeanza Kiingereza hukutana na "run" mapema, na kwenye orodha yake ya msamiati pembeni pameandikwa pǎo, kukimbia. Mbwa anakimbia, mtoto anakimbia, mambo shwari. Kisha anasoma kwamba pua ya mtu "inakimbia", mama fulani "anakimbia" duka, na shati jekundu likifuliwa, rangi nayo "inakimbia".

Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa Kamusi ya Oxford, alikaa na kitenzi hicho kwa takriban miezi 9 na kukihesabia maana 645. Habari hiyo ilipotoka mwaka 2011, "set", lililosifika miaka mingi kwa wingi wa maana, lilipitwa. Maana zilirundikana kidogo kidogo: kwanza miguu, halafu maji yanayotiririka, halafu chochote kinachokwenda bila kusimama. Viwanda vilipokuja, mashine zikatwikwa kitenzi hicho hicho; treni vilevile, na mwishowe programu za kompyuta.

Kichina hugawa kazi hizo. Kamasi zikitoka ni liú, kuendesha biashara ni jīngyíng, kugombea urais ni jìngxuǎn, programu ikifanya kazi ni yùnxíng. Watu wakimiminika benki kwa hofu kutoa fedha zao, hiyo ni jǐduì. Mengi ya maneno haya yana silabi mbili, kila moja ikiibana mwenzake, kwa hiyo nafasi ya kukisia ni ndogo. Anayesoma "run" inambidi abahatishe ni lipi kati ya hayo linalokusudiwa.

Wanaowaandaa watahiniwa wa gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, wameupa mtego huu jina: shúcí shēngyì, yaani neno unalolijua kwa maana usiyoijua. Kwangu huu ni mtego mbaya kuliko neno refu la kisayansi. Neno refu hukulazimisha ufungue kamusi, ila "run" unalipita ukidhani umeelewa.

Wachina nao wana dǎ, kupiga. Dǎ diànhuà ni kupiga simu, sawasawa na kwetu, lakini dǎ yú ni kuvua samaki, dǎ sǎn ni kujifunika mwavuli na dǎ máoyī ni kufuma sweta. Sisi tunaopiga pasi, mswaki, kura na hodi tusiwacheke.

Na "run" lenyewe wameshalipa maana yao. Kuna herufi ya Kichina, 润, inayotamkwa rùn na yenye maana ya unyevu au kulainisha. Ukiiandika kwa herufi za Kilatini bila alama, unapata "run". Wakati wa karantini kali ya Shanghai mwaka 2022 vijana waliieneza mtandaoni kwa maana ya kuhama nchi, na kujadili viza, gharama na nchi za kukimbilia kukaitwa rùnxué, elimu ya "run".